Je, Kuku wa Nyumbani Wahitaji Taa Bandani Usiku?

Swali hili huulizwa na watu wengi wanaofuga kuku wachache nyuma ya nyumba, nalo si swali la mifugo peke yake. Ni swali la fedha. Anayenunua balbu, waya na kishikio cha taa kwa ajili ya banda, kisha akalipia umeme kila mwezi, ana haki ya kujua ananunua nini hasa. Wauzaji wengine husema kuku asiyewashiwa taa hatagi. Wengine husema haoni chakula, au huliwa na wanyama wa usiku. Maneno hayo yana ukweli mahali pamoja na yana upotoshaji mahali pengine, na mnunuzi asiyejua tofauti hulipia yote.

Jibu letu kwa ufupi ni hili. Kuku mzima hahitaji taa usiku. Ahitaji giza, hewa safi na mlango unaofungika. Kifaranga asiye na mama ahitaji joto, na joto hilo laweza kutoka katika taa. Kuku wa mayai wa kisasa hunufaika na mwanga wa nyongeza wa saa chache, wala si wa usiku kucha. Tutayaeleza haya kwa kuchukua mfano wa kaya ya Mtendeni, katika Manispaa ya Tabora, ambako nyumba zimekaribiana, ua ni mdogo, na banda la kuku aghalabu huegemea ukuta wa jiko.

Tuanze na giza lenyewe. Jicho la kuku limeumbwa kwa ajili ya mchana. Huona rangi kwa wingi kuliko jicho la binadamu, hata miale ya urujuanimno tusiyoiona sisi, lakini katika giza huona vibaya sana. Ndiyo maana kuku hurejea bandani mwenyewe jua linapozama, akapanda juu ya ufito na kutulia hapo hadi alfajiri. Hali usiku wala hanywi, na hilo halimdhuru, kwa kuwa gole lake hubaki na akiba ya chakula alichookota jioni. Usingizi wa gizani ndio unaompumzisha. Kuku anayemulikwa usiku kucha hupata usingizi hafifu, na wakiwa wamebanana huanza kudonoana manyoya, tabia ambayo ikishaingia bandani ni shida kuitoa.

Na majirani nao wana neno lao. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, Shimmura na Yoshimura, walionyesha kwamba jogoo ana saa ndani ya mwili wake: hata akiwekwa katika mwanga hafifu usiobadilika, huendelea kwa siku kadhaa kuwika kwa majira yake, kabla ya wakati wa mapambazuko. Watafiti hao waliona pia kwamba mwanga unaowashwa ghafla huweza kumfanya awike nje ya majira hayo. Mfugaji anayewasha na kuzima taa saa saba ya usiku asishangae jogoo akiadhini, na jirani akibisha hodi asubuhi akiwa na uso wa kukosa usingizi.

Basi imani ya kwamba taa ni lazima imetoka wapi? Kwa kiasi kikubwa imetoka katika vitabu vya nchi za mbali. Jijini London, siku fupi kuliko zote ya mwezi Desemba haifiki saa 8 za mwanga, na siku ndefu ya Juni huzidi saa 16. Kuku wa huko wakifikiwa na majira ya baridi hupunguza kutaga au huacha kabisa. Sababu yake ni kwamba mwanga haufanyi kazi kwa njia ya jicho peke yake. Hupenya fuvu la kuku na kuamsha sehemu ya ubongo inayoamrisha viungo vya uzazi. Siku zikifupika, ubongo huchukua habari kwamba si wakati wa kulea. Mfugaji wa London huwasha taa ili kurudisha saa zilizopotea.

Tabora haipotezi saa hizo. Mji huu uko nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta. Tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi ya mwaka ni kama dakika 35, na jua huzama karibu na saa moja jioni, iwe masika au kiangazi. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika mjini hapa ikinunua vyakula vya safari, na kuku walikuwamo. Kuku hao walitaga, wakaatamia na kuongezeka bila taa yoyote. Tunalisema hili si kwa kudharau maendeleo, bali kwa kuwa mtetea wa kienyeji anayetembea leo katika ua wa Mtendeni ana tabia zile zile.

Mtetea huyo hutaga kwa mikupuo. Hutoa mayai 10 hadi 15, kisha huatamia, huangua, hulea, na baada ya wiki kadhaa huanza tena. Kwa mwaka ni mikupuo mitatu hivi. Anapoacha kutaga kwa sababu ya kuatamia au kulea vifaranga, taa haitambadili nia. Na hata kwa kuku wa kisasa, yai moja huchukua saa 24 hadi 26 kutengenezwa mwilini. Hakuna balbu itakayomfanya kuku atage mayai mawili kwa siku, na yeyote anayeuza taa kwa ahadi hiyo anauza uongo.

Gharama ya taa moja

Sasa tufanye hesabu, kwa kuwa hapa ndipo wengi hupotea. Balbu ya kizamani ya wati 60, ikiwaka tangu saa moja jioni hadi saa moja asubuhi, hutumia uniti 0.72 kwa usiku mmoja. Kwa siku 30 ni uniti 21.6. Kiasi hicho kwa macho ni kidogo. Lakini katika bei za umeme zilizoidhinishwa na EWURA mwaka 2016, daraja D1 liliwekewa wateja wa nyumbani ambao matumizi yao kwa wastani hayazidi uniti 75 kwa mwezi, nao hulipa shilingi 100 kwa uniti. Kila uniti inayozidi 75 hulipiwa shilingi 350. Mteja ambaye kuzidi kumekuwa ndiyo kawaida yake huhesabiwa katika daraja T1, ambako uniti zote, tangu ya kwanza, ni shilingi 292.

Tuseme kaya yetu ya Mtendeni hutumia uniti 60 kwa mwezi kwa taa za ndani, redio, televisheni na kuchaji simu. Kabla ya kodi na tozo hulipa shilingi 6,000. Akiongeza taa ya banda atafika uniti 81.6. Mwezi wa kwanza atalipa shilingi 7,500 kwa uniti 75, na shilingi 2,310 kwa uniti 6.6 zilizozidi, jumla ni shilingi 9,810. Akiendelea hivyo na kuhamishiwa T1, uniti zile zile 81.6 zitamgharimu takriban shilingi 23,800 kila mwezi. Balbu moja iliyowekwa kwa ajili ya kuku sita imebadilisha bei ya umeme wa nyumba nzima. Tunamwomba msomaji aihesabu gharama hiyo kwa mayai ya sokoni kwake, si ya mjini kwingine, na aone kuku hao watalazimika kutaga mangapi ili wairudishe.

Iwapo taa inawaka bandani kwenu hivi sasa, na ununuzi wa LUKU umeanza kukupa uniti chache kuliko zamani kwa fedha ile ile, basi anza kwa kutazama daraja lako kabla ya kulaumu mita.

Vifaranga: hapa taa ina kazi

Mambo hubadilika kabisa kwa mtu aliyenunua vifaranga wa siku moja. Vifaranga hawa hawana manyoya ya kuwakinga wala mama wa kuwafunika. Katika wiki ya kwanza wahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi, kisha hupunguzwa nyuzi 3 hivi kila wiki mpaka wazoee hali ya hewa ya kawaida, kwenye wiki ya nne au ya tano. Usiku wa Juni na Julai Tabora huwa wa baridi, na kifaranga aliyepigwa baridi usiku mmoja aweza asione asubuhi.

Angalia vizuri: tunachonunua hapa ni joto, na mwanga huja nalo tu. Ndipo lilipo kosa linalowagharimu wanunuzi wengi. Balbu ya kizamani yenye uzi unaong'aa hupoteza zaidi ya asilimia 90 ya umeme wake kama joto. Kasoro hiyo, kwa kifaranga, ndiyo faida. Balbu ya LED, ambayo tunaisifu kwa matumizi ya nyumbani, haitoi joto la kutosha kumsaidia. Mtu akiambiwa dukani kwamba balbu ya LED ya wati 9 "ni sawa na ya wati 60", ajue kwamba usawa huo ni wa mwanga peke yake. Akiifunga katika bruda atawaona vifaranga wake wanamulikwa vizuri, na asubuhi atawakuta wamekufa kwa baridi wakiwa wamelaliana.

Basi kabla ya kulipa, mwulize muuzaji: taa hii ni ya joto au ni ya mwanga? Ni ya wati ngapi? Hutosha vifaranga wangapi? Asipoweza kujibu, tafuta duka jingine. Taa maalumu za joto, ambazo nyingi ni za wati 250 na hutoa mwanga mwekundu, hufaa kwa vifaranga wengi; lakini ikiwaka saa 24 hutumia uniti 6 kwa siku, na kwa wiki tatu ni uniti 126. Kwa vifaranga 20 walio ndani ya boksi lililofunikwa vizuri, balbu ya kawaida ya wati 60 au 100 aghalabu hutosha. Mwenye mtetea anayeatamia ana kifaa bora kuliko vyote, kisicholipiwa LUKU.

Usitegemee kipimajoto peke yake. Watazame vifaranga wenyewe. Wakijikusanya chini ya taa na kulia, wamepata baridi. Wakitawanyika mbali nayo huku midomo iko wazi, joto limezidi. Wakienea kila mahali, wengine wanakula na wengine wamelala, basi taa iko mahali pake. Huinuliwa au hushushwa kwa kufuata dalili hizo.

Jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji ni kukatika kwa umeme. Vifaranga waliozoea mwanga saa zote 24 wakiingiwa na giza la ghafla hutaharuki, hukimbilia pembeni na kulaliana, na wa chini hukosa pumzi. Ndiyo maana wafugaji wenye uzoefu huwazimia taa kwa muda mfupi kila usiku tangu siku za kwanza, mradi joto lisipotee, ili giza lisiwe kitu kigeni. Bruda iwe ya duara, au pembe zake zizibwe kwa boksi, ili pasiwe na kona ya kurundikana.

Wengi pia hutumia jiko la mkaa lililofunikwa chungu, na si vibaya umeme unapokosekana. Lakini mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua vifaranga na watu pia. Chumba kiwe na njia ya hewa, na mtu asilale humo. Koroboi na chemli tunazikataza kabisa bandani. Kuku mmoja akipiga bawa, mafuta humwagika juu ya maranda makavu, na katika mtaa wenye nyumba zilizobanana moto hautasimama kwenye banda.

Hata taa ya umeme ina hatari yake. Ining'inizwe kwa mnyororo au waya mgumu, isining'inizwe kwa waya wake wa umeme, na iwe na kikinga cha chuma. Isiwe chini ya sentimita 45 kutoka kwenye maranda. Waya unaotoka nyumbani kwenda bandani usipitishwe ardhini ambako utakanyagwa na kulowa, wala usiungwe kwa utepe wa plastiki katikati ya njia. Kazi hiyo apewe fundi mwenye leseni ya EWURA, na vifaa viwe na alama ya ubora ya TBS. Balbu ya bei rahisi isiyo na jina la mtengenezaji wala idadi ya wati si nafuu.

Kuku wa mayai wa kisasa

Mwenye kuku wa mayai wa kisasa, wale wanaokaribia mayai 300 kwa mwaka, ana sababu ya haki ya kufikiria taa. Kuku hawa hutaga kwa wingi zaidi wakipata mwanga wa saa 14 hadi 16 kwa siku, na jua letu huwapa 12. Pengo hilo ni saa 2 hivi kwa uchache, wala si usiku mzima. Tunashauri taa iwashwe alfajiri, saa kumi na moja, izimwe jua likishatoka. Jioni tuliachie jua lizame lenyewe, kwa kuwa giza lake huja polepole na kila kuku hupata nafasi ya kupanda kwenye ufito wake; taa ikizimwa ghafla saa tatu usiku wengine hubaki sakafuni wakipapasa.

Kwa kazi hii LED ndiyo inayofaa, kwa kuwa hapa tunanunua mwanga. Balbu ya wati 9 ikiwaka saa 2 kila siku hutumia uniti 0.54 kwa mwezi mzima, sehemu moja ya arobaini ya ile ya wati 60 inayokesha. Mwanga ukitosha kumwezesha mtu kusoma gazeti akiwa penye chombo cha chakula, umetosha. Mwenye kuanza asiache katikati, maana siku ikifupika ghafla kuku hushuka katika utagaji. Wala asiwaongezee mwanga kuku wadogo ambao hawajafika wiki 16 au zaidi; wakianza kutaga kabla mwili haujakomaa, mayai huwa madogo na wengine hutokwa na kizazi. Na kama chakula chao ni pumba tupu, taa haitawaletea protini wala chokaa. Chakula kwanza.

Wezi na wanyama wa usiku

Huenda msomaji akasema: mimi sijali mayai, nataka taa imfukuze kicheche. Tungependa kumkubalia, lakini hatuwezi. Kicheche, kanu na paka mwitu huzoea taa isiyozimika baada ya siku chache. Siafu hawaijali kabisa. Wakati wa masika taa huvuta kumbikumbi na wadudu wengine, wadudu huvuta vyura, na vyura huweza kumvuta nyoka. Mwizi naye huonyeshwa njia. Kinachomzuia mnyama ni wavu imara wenye matundu madogo, sakafu isiyochimbika, na mlango wenye komeo unaofungwa kila jioni na mtu anayejulikana kuwa ndiye mwenye zamu. Majivu yaliyomwagwa kuzunguka miguu ya banda husaidia dhidi ya siafu. Anayetaka mwanga wa kumwonya mwizi aweke taa nje, upande wa nyumba, iangaze njia ya kuingilia ua, banda libaki gizani.

Kwa kweli adui mkubwa wa kuku wa kienyeji haingii kwa mlango. Ni mdondo, ambao wengine huuita kideri, nao huweza kumaliza banda zima kwa siku chache. Chanjo yake ya I-2 hutengenezwa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari, Kibaha. Hutolewa tone moja jichoni na kurudiwa kila miezi 3. Mwenye fedha ya kitu kimoja tu, taa au chanjo, asisite: achukue chanjo, na amwone ofisa mifugo wa kata kuhusu namna ya kuipata na kuitunza kwenye ubaridi. Hapo ndipo giza huleta faida nyingine, kwa kuwa kuku aliye gizani hushikika bila mbio. Mtu mmoja ashike tochi, mwingine adondoshe tone, na kuku wote wa ua watakuwa wamechanjwa kabla chai haijapoa.

Ukiona umepotoshwa

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 yakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu sifa za bidhaa. Taa iliyouzwa kuwa ni ya joto nayo haitoi joto, au balbu iliyoandikwa wati zisizo zake, ni jambo la kulalamikia. Omba risiti siku ya ununuzi, hata kwa balbu moja, na uhifadhi boksi lake. Rudi kwanza kwa muuzaji, kwa upole, ukiwa na vyote viwili. Asipokusikiliza, peleka shauri lako Tume ya Ushindani. Bidhaa ikiwa haina ubora, TBS. Malalamiko ya daraja la umeme huanzia ofisi ya TANESCO iliyo karibu nawe, na yasipotatuliwa huko hupelekwa EWURA. Andika tarehe uliyokwenda na jina la ofisi uliyohudumiwa, kwa kuwa hilo ndilo swali la kwanza utakaloulizwa.